Zaburi Isiyo na Kaditama

Watu wa visiwani tumezoea kuisifu subira. Tunaitia katika nyimbo, tunaichapa kwenye kanga, tunawausia watoto, na mtu akifikwa na msiba neno hilo humfikia mapema, pengine kabla ya sanda. Mimi ni Mkristo wa Unguja, na neno hili nimelipokea kama nilivyopokea imani, amani na amana, yaani kutoka katika vinywa vya majirani zangu Waislamu na vya wazee wao, kwani maneno haya yote yaliingia Kiswahili kwa mlango wa Kiarabu kabla Biblia haijafasiriwa pwani hii. Sina ugomvi na asili hiyo, bali naionea fahari. Lakini kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijiuliza subira hii tunayoisifu ni ya namna gani, hasa pale dhiki mpya inapompata mtu aliyedhani kwamba fungu lake la dhiki amekwisha kulilipa. Je, ni kunyamaza? Ni kushukuru? Au ni jambo la tatu ambalo lugha yetu inalijua, ila hatujalipa jina?

Swali hili halikunijia kwa njia ya vitabu vya elimu ya dini. Lilinijia kwa njia ya kazi, na kwa njia ya jicho.

Kwanza niseme habari ya kazi. Skuli niliiacha kidato cha pili, nikaajiriwa katika kiwanda cha chapa, nikapanga herufi za risasi mpaka zama za herufi hizo zikapita. Kiingereza nilijifunza kwa kuweka Biblia mbili mezani, ya Kiswahili kushoto na ya Kiingereza kulia, nikizilinganisha aya kwa aya usiku baada ya kazi. Ndivyo nilivyoingia katika ufasiri, bila cheti wala mwalimu, na kwa hakika nilitanguliwa na wengi wa namna hiyo, kwani vitabu vya mwanzo vya Askofu Edward Steere hapa Unguja vilipangwa herufi na vijana waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Baadaye nikajipatia kitabu chakavu cha sarufi ya Kiyunani, nikajua kiasi cha kutosha kunifanya niwe na mashaka na kila tafsiri, pamoja na zangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita kwaya ya mtaani kwetu iliniomba nizigeuze zaburi kadhaa ziwe tenzi, zipate kuimbwa kwa mahadhi ya kwetu badala ya mahadhi ya kuazima. Nilikubali kwa furaha. Utenzi ni chombo kinachofaa sana kubebea zaburi. Vipande vinne vyenye mizani nane nane, vitatu vikikubaliana vina na cha nne kikishika bahari ya utenzi mzima, vinatosha kubeba aya moja bila kuibana na bila kuipwayisha. Zaburi za sifa zilikwenda kama mashua yenye upepo. Hata zile za manung'uniko hazikunipa taabu, kwa sababu karibu zote zina desturi moja: mtunzi analia, analalamika, kisha mwishoni anageuka na kushukuru, na mgeuko huo unaingia vizuri mno katika beti zetu za kufungia, pale malenga anaposema kaditama, akaomba dua, akataja jina lake na kuweka kalamu chini.

Kisha nikafika Zaburi ya 88.

Msomaji ambaye hajaisoma aisome polepole, tena peke yake. Ina aya 18. Kichwa chake kinamtaja Hemani Mwezrahi. Inaanza kwa kumwita Mungu, na baada ya hapo haipandi tena. Mtunzi anaeleza jinsi alivyokwisha kuhesabiwa pamoja na wafu, jinsi rafiki zake walivyotengwa naye, jinsi anavyolia mchana na usiku asijibiwe. Anamuuliza Mungu maswali makali kuhusu faida ya kumwacha mtu afe. Kisha inakwisha. Haina mgeuko wala shukrani. Wajuzi wa Kiebrania wanasema kwamba neno lake la mwisho kabisa ni neno la giza.

Na katikati yake, ndugu msomaji, mtunzi anataja kwamba jicho lake limedhoofika kwa mateso.

Nilifika kwenye aya hiyo juma lile lile nililotoka kwa daktari wa macho. Nilikuwa nimekwenda kutafuta miwani mpya. Alinipima, akanipima tena, akaniambia nina maradhi ambayo watu huyaita presha ya macho. Alinieleza kwa upole na bila kunificha. Haya ni maradhi yasiyouma. Mara nyingi huanza kula uoni kutoka pembezoni, na kwa kuwa katikati bado mtu anaona, hasomi dalili mpaka sehemu kubwa imekwisha kwenda. Mshipa unaochukua nuru kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo ukifa haufufuki. Matone ya kila siku huteremsha ile presha na kuuchelewesha ubaya, lakini hayarudishi kilichopotea. "Kilichokwenda kimekwenda," aliniambia, "kazi yetu ni kukichunga kilichobaki." Kwa mtu ambaye maisha yake yote ni herufi, hayo hayakuwa maneno madogo.

Wala haikuwa dhiki yangu ya kwanza. Mke wangu alifariki mwaka 2009 kwa maradhi ya moyo, akaniachia watoto watatu, wa mwisho akiwa na umri wa miaka minne. Siku ile nilisimama makaburini nikasema maneno ambayo sisi Wakristo wa nchi hii huyasema: kazi ya Mungu haina makosa. Niliyasema kwa sauti, na watu wakaitikia. Yalinifaa wakati ule na sina haja ya kuyakana leo. Yalinipa kitu cha kusema mbele ya watoto, nami nikalea, nikapika, nikafua, nikasuka nywele za binti yangu vibaya mpaka jirani akanihurumia akachukua kazi hiyo, na miaka ikapita.

Kwa sababu hiyo, habari ya jicho ilipoenea kanisani, wenzangu waliniliwaza kwa hoja moja. "Mwalimu, wewe umeshapita makubwa," waliniambia, "hili halikushindi." Walisema kwa mapenzi. Lakini hoja yenyewe haisimami. Inadhani kwamba dhiki ni kama ufundi wa seremala, kwamba mtu akishatengeneza mlango mmoja wa pili atautengeneza huku akipiga mluzi. Niliyoyaona mimi ni kinyume chake. Dhiki mpya haimjui yule mtu aliyeshinda ile ya zamani, nayo ilinikuta mgeni kama kwamba sijawahi kulia. Tena ilikuja na swali ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo: ile ilikuwa moja, na moja mtu huweza kuikubali, hii ya pili inakufanya uanze kuhesabu.

Hapa niingize jambo moja kando. Kanisa letu hapa visiwani limepita katika dhiki za jumla ambazo wengi wanazikumbuka. Mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa moto Unguja, na Jumapili ya Februari 17, 2013 Padre Evarist Mushi wa Kanisa Katoliki aliuawa kwa risasi alipokuwa akienda kusalisha misa. Siku zile tuliogopa sana, sote, Wakatoliki na Waanglikana na wengineo. Hata hivyo nakiri kwamba imani yangu haikuyumba kwa hofu ile kama ilivyoyumba kwa chupa ndogo ya dawa ya matone. Dhiki ya jumla huja na wenzako: mnakwenda kanisani pamoja, mnatazamana, na mtu mwoga huazima moyo wa jirani yake. Siku ile ya mauaji jirani yangu Mwislamu, mzee ambaye hapa nitamwita Maalim tu, alikuja kukaa barazani kwangu tangu alasiri mpaka usiku, hasemi jambo kubwa, akizungumzia bei ya karafuu na mvua. Nilielewa amekuja kufanya nini. Lakini ndani ya jicho lako huwezi kukaa na mtu.

Basi sala zangu zilikauka. Sikuacha kwenda kanisani. Nilikwenda, nikasimama waliposimama, nikaketi walipoketi, nikasoma somo nilipoombwa. Niliweza kuzungumza habari za Mungu vizuri kabisa. Katika jumuiya nilieleza makusudi yake, hekima yake, jinsi anavyowajaribu awapendao. Ila nilipofika nyumbani, nikazima taa, nikitaka kusema naye, sikuwa na neno. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyozaliwa na kitenzi kimoja, na katika siku zile ndipo nilipoona umbali uliopo baina yao. Kipo kumsemea mtu, yaani kusema kwa niaba yake, kumtetea, kumjibia mbele ya watu. Na kipo kumsemesha, kumgeukia yeye mwenyewe ukamwambia. Mimi nilikuwa hodari wa kumsemea Mungu. Kumsemesha ndiko kulikonishinda.

Katika hali hiyo nikarudi kwenye zaburi yangu, maana kazi ni kazi na kwaya walikuwa wakingoja. Kwa desturi yangu nilianza kuandika vitenzi peke yake pembeni mwa karatasi, nione ni vya nafsi gani, kwa kuwa katika utenzi nafasi ni finyu na kiambishi kimoja huweza kuharibu mizani. Orodha ilipokamilika niliitazama kwa muda mrefu. Mengi ya mambo mabaya yanayosimuliwa katika zaburi ile yamefungwa kwa kiambishi kile kile, u- ya nafsi ya pili. Mtunzi hasemi kwamba amewekwa shimoni. Anamwambia Mungu kwamba ni yeye aliyemweka. Hasemi kwamba rafiki zake wamekwenda mbali. Anamwambia aliyewapeleka mbali ni nani. Hakuna mahali anapomweka Mungu katika nafsi ya tatu akamjadili. Tangu mwito wa mwanzo mpaka giza la mwisho, Mungu ni wewe. Ukiitafuta imani katika maudhui ya zaburi hii huioni, kwani maudhui yote ni mashitaka. Imo katika kile kiambishi, herufi moja tu, na hiyo haitoki hata mara moja.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Ayubu wetu na Ayubu wa Biblia walikuwa wakinipa taabu tangu zamani. Katika ushairi wa Kiswahili umo utenzi wa Ayubu, na hata asiyeusoma anajua mfano wa subira ya Nabii Ayubu. Ni Ayubu aliyetulia. Ayubu wa Biblia naye ametulia, lakini kwa sura mbili tu kati ya 42. Kuanzia ya tatu anailaani siku aliyozaliwa, na hanyamazi mpaka amechosha kila mtu. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walifanya jambo jema walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Yaliharibika walipofungua vinywa. Ukiwasikiliza kwa sikio la mfasiri utaona kwamba kila wanachosema kuhusu Mungu kinaweza kuhubiriwa Jumapili na watu wakaitikia amina. Lakini wao wanamsemea tu. Katika kitabu kizima hakuna hata mmoja wao anayemgeukia Mungu akamwambia neno. Ayubu peke yake, katikati ya maneno makali yasiyofaa kuhubiriwa, anaruka mara kwa mara kutoka kwenye yeye kwenda kwenye wewe. Na mwisho wa kitabu Mungu anawaambia wale waliomtetea kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu.

Neno la Kiyunani ambalo Biblia ya mwaka 1952, ile iliyopatanisha lugha ya Unguja na ya Mvita, imelitia kwa saburi katika waraka kwa Warumi ni hupomone. Limeungwa kwa vipande viwili vyenye maana ya kubaki na chini. Ni kubaki chini ya mzigo, kutokutoka. Hakuna ndani yake dokezo lolote la kunyamaza. Hamali wa bandarini anayebeba gunia la mchele juu ya ubao wa jahazi hubaki chini ya mzigo wake, na yeyote aliyewahi kupita Malindi anajua kwamba hanyamazi.

Bibi mzaa babu yangu alikuwa mmoja wa wale waliokombolewa baharini wakiwa watoto na kukaa Mbweni, katika shamba ambalo wamisheni wa Kianglikana waliwakalisha watu wa namna hiyo. Jina la wazee wake halikufika kwetu. Alibatizwa, akaolewa kanisani, akazika watoto wake wawili kabla ya babu kuzaliwa. Kilichofika kwetu ni masimulizi ya babu kwamba mama yake alisali sala za kanisa kwa Kiswahili kama watu wote, kwa adabu na kwa utaratibu, lakini usiku fulani fulani alikaa nyuma ya nyumba akasema peke yake kwa Kiyao, kwa sauti ya mtu anayegombana. Watoto hawakujua lugha ile. Babu alipokuwa mdogo alidhani mama yake anagombana na jirani. Alipomuuliza, alijibiwa kwamba hayo ni mazungumzo ya watu wazima. Nimeishi na hadithi hii tangu utotoni nikiichukulia kuwa ni ya kuchekesha.

Na kwa kuwa macho yangu ndiyo yanayohusika, nimemfikiria sana Johannes Rebmann, ambaye watu wanamkumbuka kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848 na mabingwa wa Ulaya wakakataa kuisadiki. Theluji haikunivuta. Kilichonivuta ni miaka iliyofuata. Alifika Rabai, nyuma ya Mombasa, mwaka 1846 kuungana na Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla, katika mwezi wa Juni 1844, alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, na mwezi uliofuata akamzika mkewe na mtoto mchanga ng'ambo ya kisiwa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki. Alibaki jumla ya miaka 29, bila kurudi kwao hata mara moja, na waumini aliowapata walikuwa wachache. Mkewe alifia Rabai mwaka 1866. Kisha macho yake yakazimika. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, na mwaka 1876 akafa Ujerumani. Mwaka 1877 likachapishwa kamusi lake la lugha ya watu wa Ziwa Nyasa, ambalo alilikusanya Rabai kutoka kinywani mwa mtu mmoja aliyeletwa pwani kwa utumwa, jina lake Salimini.

Simtaji ili nimfanye shujaa. Wamisheni wale walikuwa na ukaidi wao, na si kila alilolifanya mgeni kwetu ni la kusifiwa. Lakini namfikiria akiwa ameketi na Salimini, watu wawili waliotengwa mbali na kwao, mmoja kwa hiari na mwingine kwa nguvu, wakiulizana hili unaliitaje, na lile unaliitaje. Dhiki juu ya dhiki, na kazi yenyewe ni kumgeukia mtu aliye mbele yako na kungoja aseme. Siku hizi binti yangu, yule niliyekuwa nikimsuka vibaya, hunisomea rasimu zangu kila jioni kwa sauti, na nimegundua kwamba kosa la mizani husikika upesi kuliko linavyoonekana.

Niliukamilisha utenzi: aya 18, beti 18. Niliupeleka kwaya. Wiki moja baadaye kiongozi wa kwaya, mama mwenye busara ninayemheshimu sana, alikuja nyumbani pamoja na mzee mmoja wa kanisa. Walikaa, tukajuliana hali, wakaniuliza habari ya macho. Kisha mama akasema beti ni nzuri, ila inaonekana karatasi ya mwisho imebaki kwangu.

Nikawaambia hakuna karatasi iliyobaki.

Mzee wa kanisa alinieleza hoja yake, na si hoja ya kudharauliwa. "Mwalimu," alisema, "watu wanakuja na ya kwao. Yuko mama ana mtoto mgonjwa, yuko kijana hana kazi mwaka wa tatu, yuko mtu karibu na nyumba yake kuuzwa kwa deni. Wanataka kutoka na kitu. Tusiwarudishe nyumbani na giza." Waliniomba ubeti mmoja tu wa shukrani, wa kufungia. Mimi ni mtu wa kwaya pia, na wageni waliokuja kwa adabu hurudishwa kwa adabu, basi nikaahidi kujaribu. Usiku ule nikaandika:

Nashukuru ya Karima,
Rabi wangu wa huruma,
Giza umelisukuma,
Nuru imenirudia.

Mizani imetimia, vina vimekaa, na hakuna kipande hata kimoja chenye ukweli. Nuru haikuwa imenirudia, wala haikumrudia Hemani Mwezrahi. Zaidi ya hayo niliona kwamba ubeti huu, ambao kwa sarufi bado unasema wewe, kwa kweli haumsemeshi mtu. Uliandikwa kwa ajili ya masikio ya waliokaa kwenye mabenchi.

Kesho yake nilikwenda kwa Maalim, ambaye licha ya kuwa msomi wa dini yake ni malenga anayejua tenzi za kale kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Nilimsomea zote, beti 18 na ule wa kumi na tisa. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akaniuliza, "Mtu huyu kashapewa jawabu?"

"Bado, Maalim."

"Na wewe macho yako?"

"Bado."

"Sasa shukrani hizi kazitoa wapi? Hapa unamsemea. Mwache aseme mwenyewe, akinyamaza na wewe nyamaza." Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba kaditama si lazima iwe faraja, kwamba yeye anajua tenzi ambazo mwisho wake ni malenga kuomba msamaha kwa vina vibovu na basi, na kwamba kama mimi ninataka kutia jina langu mwishoni nina haki hiyo, lakini nisiyatie maneno katika kinywa cha mtu aliye shimoni.

Sikujua kama nicheke. Kitenzi kile kile nilichokuwa nikikizungusha kichwani kwa miezi kimetoka kinywani mwake bila taabu, kama mtu anayetoa ufunguo mfukoni.

Nilirudi kwa kiongozi wa kwaya nikamweleza jambo moja alilolikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662, ambacho ndicho mzazi wa vitabu vyetu, Zaburi ya 88 imepangiwa jioni ya Ijumaa Kuu, saa ambazo Bwana yumo kaburini na hakuna aliyejua kitakachofuata. Waliopanga hivyo hawakuongeza kitu. Nikamwambia pia kwamba yule mama mwenye mtoto mgonjwa hakutoka nyumbani kwake kutafuta mtu wa kumwambia nuru imerudi. Yeye ndiye anayejua kama imerudi. Pengine anachokitafuta ni mtu atakayemwonyesha kwamba anaruhusiwa kusema naye Mungu kama alivyo, usiku kama ulivyo. Mama yule aliniangalia, akasema, "Basi tutaimba. Lakini uje uketi nasi sauti ya nne, usituachie peke yetu." Nikaja.

Sala zangu hazijawa nyingi. Kila usiku, kabla ya kulala, naweka tone moja katika kila jicho, nafumba, nabonyeza kona ya jicho kwa kidole kama nilivyoelekezwa ili dawa isishuke puani, na nakaa hivyo dakika mbili. Dakika mbili za giza ni nyingi. Hapo ndipo ninaposema naye. Simweleweshi, simsifii, simtetei. Namwambia umenifanyia hivi, na hivi, na hivi. Usiku mwingine nakasirika. Usiku mwingine nazungumza habari za watoto. Mara mbili au tatu nimejikuta nikimwambia habari za mke wangu, mambo ambayo mwaka 2009 nilipaswa kumwambia nami nikawaambia watu.

Ijumaa Kuu tuliimba jioni, taa zikiwa chache. Beti zilikwenda kwa mahadhi ya taratibu, wanawake wakianza na wanaume wakipokea. Tulipofika ubeti wa 18, kipande cha mwisho kilikwisha juu ya neno la giza, kinanda kikanyamaza, na kwaya ikabaki imesimama, kwa sababu tulikuwa tumesahau kuelewana ni wakati gani wa kuketi. Mkusanyiko nao haukuketi. Kasisi alishika kitabu chake asikifungue. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtoto aliuliza kwa sauti kama imekwisha, na mama yake akamwambia, ngoja.